Masini isiyo na ufunguo si mali yetu

Wandugu vijana wa Masisi na Walikale, wanafunzi, walimu, wenye vibanda vya fotokopi, na ninyi wote ambao, kama mimi, muko na diploma ndani ya bahasha na hamuna kazi:

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao wengi wetu njo tulijifunzia kompyuta. Siku ile hakuna kilicholia Nyabiondo wala Mubi. Masini ziliwaka kama jana. Lakini tangu siku ile, kompyuta ya Windows 10 ambayo mwenyewe hakuiandikisha kwa muda wa nyongeza haipati tena marekebisho ya usalama. Tundu likifunguka, linabaki wazi. Na ukisema uhamie Windows 11, inakujibu: wewe hapana. Inataka chipu ya TPM 2.0, inataka UEFI yenye Secure Boot, inataka prosesa ambayo kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8. Masini ya okazioni ya mwaka 2014, ile ambayo familia iliuza mbuzi ili mtoto aandike TFC yake, haimo ndani ya hesabu hiyo.

Mwishoni mwa 2023, kampuni ya utafiti Canalys ilikadiria kwamba kompyuta karibu milioni 240 duniani zinaweza kutupwa kwa sababu hiyo. Watu wa Ulaya walipaza sauti kupitia vyama vyao vya watumiaji, na Septemba 2025 wakakubaliwa mwaka mmoja zaidi bure, hadi Oktoba 2026. Sisi wengine tuliambiwa: lipa dola 30, ao peleka mipangilio ya kompyuta yako kwenye akaunti ya Microsoft, ao lipa kwa pointi zao. Dola 30 ni siku ngapi za kuchimba Rubaya? Wachimbaji wenyewe wanajua.

Sisi tunasema hapana. Masini haikufa. Imefungiwa mlango, na mlango huo uko na jina. Maandishi haya yanahusu mlango huo: unafunguka namna gani, nani ameshika ufunguo, na kwa nini kijana wa Masisi ao wa Walikale anapaswa kuujua kabla hajaweka Linux, kabla hajamlipa fundi, na kabla hajapokea zawadi ya kompyuta kutoka kwa mtu yeyote.

MADINI YETU IKO NDANI

Fungua kompyuta yoyote, toa visi za chini, angalia ule ubao mkubwa. Kwenye mbao nyingi utaona vipande vidogo vya njano ao vyeusi vyenye mstari upande mmoja: ni kondensa za tantali, na tantali inatoka ndani ya koltani. Ile chuma nyeupe inayong'aa, iliyoshikisha kila mguu wa kila kipande, ni solda, na sehemu kubwa ya solda ni bati, inayotoka ndani ya kasiterite. Koltani ni Rubaya, ndani ya Masisi, ambako hukadiriwa kutoka karibu 15% ya koltani ya dunia. Kasiterite ni Bisie, ndani ya Walikale, ambako mgodi wa Alphamin ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024.

Bei yake tunaijua pia. Mwisho wa Aprili 2024 M23 iliteka Rubaya, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi hao walikuwa wanakusanya kodi ya karibu dola 800,000 kwa mwezi juu ya koltani. Machi 2025 vita ilifika Walikale-centre, Alphamin ikasimamisha kazi, wakaaji wakakimbia. Na miaka mingi mbele ya hapo, Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kipengele chake cha 1502 kinauliza makampuni: madini yenu inatoka wapi? Miezi miwili kisha, Kinshasa ikafunga uchimbaji wa mikono kwetu mpaka Machi 2011, na maelfu ya familia zikalala njaa.

Basi dunia ilijifunza kuuliza madini inatoka wapi. Hakuna anayeuliza, siku madini hayo yanaporudi kwetu yamegeuka kompyuta, ufunguo umebaki wapi. Yanaondoka ndani ya gunia, yanarudi ndani ya ganda lenye kufuli. Na sisi tuliobeba gunia mgongoni tunaambiwa tumwombe ruhusa mtu wa mbali ili masini yetu iwake na mfumo tunaoutaka.

MLANGO WENYEWE

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Windows siyo ya kwanza kuamka. Ya kwanza ni programu ndogo iliyoandikwa ndani ya chipu moja ya ubao. Inapima memori, inatafuta klavie, ekrani na disiki, kisha inaamua: masini hii nimpe nani? Mafundi wetu wanaiita bios, jina tulilolizoea tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Masini za leo ziko na UEFI, inayosimamiwa tangu 2005 na muungano wa makampuni, lakini jina la zamani limebaki kinywani. Sawa, tuseme bios.

Mtu wa kwetu hahitaji maelezo marefu. Bios ni barieri. Gari yako iwe mpya, iwe imejaa, iwe na haraka: kama mwenye barieri hajainua kamba, haipiti.

Mwaka 2012, pamoja na Windows 8, Microsoft ilitaka kila kompyuta mpya yenye kibandiko chake itoke kiwandani Secure Boot ikiwa imewashwa. Maana yake ni hii: bios inaangalia sahihi ya programu inayotaka kuanza, na kama sahihi hiyo haiko ndani ya orodha yake, kamba haiinuki. Ufunguo wa juu kabisa ni wa mtengenezaji wa masini. Chini yake kuna ufunguo wa kubadilisha orodha, na karibu kila kompyuta ya dukani iko na ule wa Microsoft. Ndiyo sababu Debian, Ubuntu na Fedora, mifumo ya bure iliyoandikwa na watu wa dunia nzima, zinapeleka programu yao ndogo ya kuanzia kwa Microsoft ili itiwe sahihi. Bila sahihi hiyo haiwaki kwa urahisi ndani ya masini ambayo umeilipa wewe.

Kuna wenzetu watasema: «Lakini Secure Boot iko pale juu ya usalama.» Ni kweli, tusidanganyane. Kuna virusi vinavyojificha mahali pa chini, vinaamka mbele ya Windows, na hakuna antivirusi inayoviona vizuri. Kufuli hiyo iliwekwa juu yao. Sisi hatukatai kufuli. Masisi nani analala bila kufunga mlango? Tunauliza jambo moja tu: ufunguo uko kwa nani?

Na historia inatupa sababu ya kuuliza. Mwaka 2012, kwa kompyuta za kawaida, masharti yalisema mwenye masini lazima aweze kuzima Secure Boot na kuweka funguo zake mwenyewe. Lakini kwa tablete za Windows RT, zenye prosesa ya ARM, masharti yalisema kinyume: kuzima ni marufuku. Mwaka 2015, na Windows 10, hata kwa kompyuta za kawaida ile haki ya kuzima ikaachiwa mapenzi ya mtengenezaji. Mwaka 2022, Lenovo ilitoa ThinkPad ambazo kiwandani zilikubali sahihi ya Windows peke yake. Anayetaka Linux lazima aingie kwenye bios akubalishe kwanza sahihi za wengine. Na vyeti vile vya mwaka 2011, ambavyo sahihi hizi zote zimesimama juu yake, vinaanza kufikia mwisho wake Juni 2026. Masini ambayo bios yake haikupata vyeti vipya vya 2023 itaendelea kuwasha kile iko nacho, lakini inaweza kukataa kle mpya ya Linux yenye sahihi mpya. Masini gani hazipati marekebisho? Zile za zamani. Zile zetu.

Angalieni mwelekeo. Kila hatua ni ndogo, kila hatua iko na maelezo mazuri, na kila hatua inasogeza ufunguo mbali kidogo na mkono wa mwenye masini. Leo bado tunaweza kufungua. Njo maana tunaandika leo.

ZAWADI YENYE KUFULI

Shule moja ya sekondari ndani ya Masisi ilipokea kompyuta nane kutoka kwa shirika moja ambalo sitalitaja. Kulikuwa na hotuba, banderole na picha. Zilikuwa laptop za ofisi fulani ya ng'ambo, disiki zimefutwa vizuri, hilo tunawashukuru. Prefe wa shule aliniita juu alijua nilisoma informatike: «Kijana, kuja utuwekee sisteme, watoto wanangoja.» Nikawasha ya kwanza, nikaingiza kle ya USB: imezuiwa. Nikabonyeza F2 ili nifungue: inaomba neno la siri. Ya pili vile vile. Zote nane.

Tuliandikia shirika. Jibu: mradi umeisha, aliyehusika amerudi kwao. Mtu akasema tutoe ile batri ndogo ya duara ili bios isahau. Kwenye kompyuta nyingi za mezani hiyo inasaidia. Lakini kwenye laptop nyingi za ofisi, neno la siri linakaa ndani ya chipu isiyosahau hata ukiinyima kuranti mwaka mzima. Kuna mafundi wa mijini wanaoweza kuibadilisha chipu hiyo, kwa bei ambayo shule haina. Leo masini zile nane ziko kwenye depo, chini ya masanduku ya chaki. Ndani ya ripoti ya mradi, bila shaka, zimehesabiwa.

Hiyo siyo zawadi. Ni takataka yenye picha. Aliyefuta disiki alikuwa na dakika kumi za kulinda mafaili yake, na hakupata dakika moja ya kufuta neno la siri kwa ajili ya watoto wetu.

KABLA YA KUWEKA MFUMO MPYA

Kusema peke yake hakufungui mlango. Hapa tunaandika yale ambayo kila kijana anapaswa kujua. Watu wengi wanakimbilia kuweka Linux, na wanapoteza kila kitu mbele hata hawajaanza, juu hawakutayarisha bios. Soma zote kwanza, kisha fanya.

1. Okoa mafaili. TFC, picha, orodha za waliokimbia vita, ushuhuda wa watu: nakili mara mbili, mahali mbili tofauti. Kle mbili ndani ya mfuko mmoja ni kle moja.

2. Uliza kama disiki imefungwa na BitLocker. Windows nyingi za karibuni zinaifunga bila mwenyewe kujua. Ukigusa Secure Boot mbele ya kutayarisha, Windows itakuomba ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo mafaili yamekwenda. Andika ufunguo huo kwenye karatasi. Ao zima BitLocker, na ungoje imalize kufungua disiki yote ndipo uendelee.

3. Zima ile inayoitwa Démarrage rapide, kwenye mipangilio ya kuranti ya Windows. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kweli, inasinzia tu ikiwa imeshika disiki. Mfumo mwingine ukiingia humo unaweza kukataliwa kuandika, ao kuharibu mafaili.

4. Andika msinfo32 ndani ya Windows, uangalie mstari wa Mode BIOS. Utaona kama Windows yako inaanza kwa UEFI ao kwa namna ya zamani, Legacy. Kama unataka kubaki na mifumo miwili, weka Linux kwa namna ile ile. Wengi wanaolia kwamba Windows imepotea, haikupotea: wameweka moja huku na nyingine kule. Kama unafuta vyote, chagua UEFI, ikiwa masini iko nayo.

5. Ingia kwenye bios. Bonyeza mara tu unapowasha, tena na tena: Dell ni F2, na F12 ya kuchagua USB, HP ni F10, na F9 ya kuchagua, ThinkPad ni F1, na F12 ya kuchagua, Acer ni F2, Asus mara nyingi ni F2, na Esc ya kuchagua. Mbele ya kugusa neno lolote, piga picha kila ukurasa na simu yako. Picha hizo njo njia yako ya kurudi.

6. Angalia tarehe. Kama kila asubuhi kompyuta inarudi nyuma miaka, batri ndogo ya CR2032 imekwisha. Ibadilishe kwanza. Bila hivyo mipangilio mingine inaweza kupotea kila ukizima, na hata intaneti itakukatalia kurasa nyingi, juu tarehe yako haifanani na ya vyeti vyao.

7. Angalia namna disiki inavyosimamiwa. Kama imeandikwa RAID ao Intel RST, Linux nyingi zitasema hakuna disiki. Inatakiwa AHCI. Lakini angalisho: ukibadilisha moja kwa moja, Windows iliyo ndani haitaamka. Kama unaitaka bado, ipange kwanza ianze kwa modi salama, kisha badilisha, iwake mara moja hivyo, kisha uirudishe kwa kawaida.

8. Secure Boot: usiizime kwa hasira. Ubuntu, Fedora, Linux Mint, na Debian tangu toleo la 10 la mwaka 2019, zinawaka ikiwa imewashwa. Jaribu kwanza. Ikikataa, tafuta mstari unaokubali sahihi za wengine, yaani third-party. Ikikataa bado, izime, weka mfumo, kisha jaribu kuirudisha. Kwenye Acer nyingi, mstari huo haugusiki mpaka uweke kwanza neno la siri la msimamizi. Usibonyeze popote panaposema kufuta funguo ao kufuta TPM kama hujui utarudi namna gani.

9. Usifanye marekebisho ya bios yenyewe wakati kuranti haina uhakika. Kuranti ikikatika katikati, ubao unaweza kufa kabisa. Batri ijae, waya uwe kwenye kuranti, na kama unategemea sola, siyo jioni ya mvua. Jenereta yenye petroli ya kubahatisha, hapana kabisa.

10. Weka USB iwe ya kwanza, lakini usiweke mfumo haraka. Linux nyingi zinawaka kutoka kwenye kle bila kugusa disiki. Jaribu waifai, sauti, klavie, mwanga wa ekrani. Kama kitu hakifanyi kazi, umejua bila kupoteza kitu.

Ukimaliza, rudisha disiki iwe ya kwanza, kisha weka neno lako la siri kwenye bios, uliandike mahali salama. Hapa tuko na mtego wa kwetu: klavie zetu nyingi ni za Kifaransa, na bios nyingi zinahesabu kwamba ni za Kiingereza. Unabonyeza A, yenyewe inasoma Q. Chagua neno lisilo na A, Q, Z, W wala M, na bila tarakimu.

Kwa wale wanaobeba majina ya watu walioteswa ao waliotoa ushuhuda, kuna jambo moja zaidi. Wakati wa kuweka Linux, kubali ifunge disiki nzima kwa neno la siri. Katika eneo letu kompyuta inaweza kunyang'anywa njiani kati ya Sake na Masisi, ao kati ya Kibua na Walikale. Masini ikienda, majina yasiende nayo. Neno la siri la bios peke yake halitoshi, juu mtu anaweza kutoa disiki na kuisoma kwenye masini nyingine.

KWA MAFUNDI NA KWA WENZETU

Mafundi, tunawaheshimu. Artikle 15 njo imewalisha wengi wetu, mimi pia. Lakini kuna fundi anayegeuza F2 kuwa uganga. Anageuzia mteja mgongo, anabonyeza, anaweka Windows ya wizi iliyovunjwa, antivirusi imezimwa ili kile kivunjio kipite, kisha anachukua dola zake. Baada ya miezi miwili mteja anarudi, mafaili yamegeuka vijia vifupi ndani ya kle. Anasema: «Virusi ya Goma hiyo.» Hapana, fundi. Mlango uliufungua wewe. Pokea malipo ya kazi yako, lakini mteja aende na ujuzi na neno lake la siri mkononi.

Wengine wanasema Linux ni ya wazungu wanaocheza, ao ni mfumo wa maskini. Jandarmeri ya Ufaransa iko na makumi ya maelfu ya kompyuta zinazotembea na Ubuntu. Wao si maskini. Walikataa tu kungoja mtu mwingine awapangie siku ya kutupa masini zao. Na Kiswahili hakikungoja: Desemba 2004 Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha yetu, iliyotafsiriwa kutoka kwenye programu huru ambayo kila mtu anaweza kufungua na kubadilisha.

Hatusemi Linux inaponya yote. Kama umesoma kontabilite na kazi unayotafuta inataka Sage, acha Windows ibaki upande mmoja na uweke mifumo miwili. Kama masini iko na giga 2 za memori, usiidai miujiza, chagua mfumo mwepesi. Lakini uamuzi uwe wako, siyo wa kalenda ya kampuni.

Na tusingojee kila mtu anunue mega zake. Linux Mint ni karibu giga 3. Mmoja aishushe mara moja pale intaneti ni nzuri, aangalie alama ya SHA256 ifanane na ile iliyoandikwa na wenyewe, kisha kle moja izunguke Mweso, Nyabiondo, Pinga, Ntoto, Mubi. Kle hiyo hiyo inaweza kutumika kwa masini mia. Kulipa giga 3 mara mia kungekuwa ujinga.

TUNACHODAI

Kwa mashirika, makanisa na watu wa ng'ambo wanaotuma kompyuta Masisi na Walikale: hakuna masini bila ufunguo. Mbele haijapakiwa, neno la siri la bios liondolewe, USB ifunguliwe, bios ipewe marekebisho na vyeti vipya, na karatasi ya hayo isafiri pamoja na masini. Msiojitayarisha kufanya hivyo, bakini na zawadi yenu.

Kwa wakuu wa shule na wa vyuo: msitie sahihi ya kupokea mbele ya kuwasha. Kabla ya hotuba, fundi wa shule aingie kwenye bios ya kila masini. Ile inayoomba neno la siri lisilojulikana irudi ndani ya gari iliyoileta.

Kwa wanaouza kompyuta za okazioni: mnunuzi awe na haki ya kubonyeza F2 mbele ya kutoa franka zake. Na wewe mnunuzi, bonyeza.

Kwa wabunge wetu wa Masisi na Walikale: nchi iko na Kodi ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023. Tunaomba iandikwe waziwazi, ndani yake ao ndani ya kanuni zake, kwamba anayenunua kompyuta ananunua pia haki ya kufungua bios yake, kuzima ao kuwasha Secure Boot, na kuweka mfumo anaoutaka. Nchi inayotoa koltani na bati iko na neno la kusema juu ya masini zinazotengenezwa nazo. Kama hailisemi, ni kwa sababu waliotumwa kulisema wamenyamaza.

Na kwa sisi wenyewe, vijana wenye diploma bila kazi: hakuna anayetuzuia kuanza wiki hii. Kila kundi letu litafute masini moja iliyotangazwa kuwa imekufa, kle moja, na watu watano wa kuangalia. Fungueni, pigeni picha, tayarisheni, wekeni mfumo. Kisha kila mmoja wa wale watano afanye hivyo mbele ya wengine watano. Mwalimu mmoja wa Ntoto aliye na masini inayowaka, na anayejua neno lake la siri, ana faida kuliko semina kumi za hoteli.

Mlima tunauchimba sisi. Barieri ya ndani ya masini nayo, tuinue kamba sisi wenyewe.